Mbwa mdogo anapoletwa kwenye nyumba yenye watoto

Mama, mbwa huzoea watu akiwa bado mdogo, hasa kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Anayefungiwa bandani muda huo "ili awe mkali" mara nyingi hukua akiogopa wageni na watoto, na mbwa mwenye woga hung'ata upesi.

Mzoeshe taratibu. Mtoto akae chini, mbwa amsogelee mwenyewe, mtu mzima awepo. Asivutwe mkia, wala asiguswe anapokula au kulala. Aking'ata mikono kwa mchezo, acheni kucheza naye kwa muda. Usimpige, atajifunza kuogopa mikono. Akitulia, mpe kipande cha ugali.

Mpe dawa ya minyoo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni, maana minyoo yake huwapata na wao. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huchomwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikipita mtaani kabla ya hapo, mpeleke.

Hili ndilo hupuuzwa zaidi: mtoto aking'atwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wenu, hata kidogo tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa. Usisubiri dalili, zikishaanza kwa mtu, kichaa cha mbwa huua karibu kila mara. Na sindano za kinga zimalizwe kwa tarehe mlizopewa, hata kidonda kikiwa kimeshapona.