Kwa Nini Fremu Nzito Zimebaki Zuzu

Ukisimama kando ya barabara inayotoka Zuzu kuelekea Dodoma mjini, utaona baiskeli zenye mkaa, madumu ya maji na magunia. Nyingi zina umbo moja: bomba la juu lililonyooka, karia pana, breki za fimbo. Ni umbo la Raleigh za Nottingham zilizoletwa enzi za Waingereza, kisha la Phoenix za Shanghai zilizoenea baada ya uhuru. Vijana tuliosoma huziita baiskeli za wazee, kana kwamba zimebaki kwa sababu ya umaskini tu. Historia ya chuma chake inasema zaidi.

Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, ambaye familia yake ilitengeneza misumari, alipata hataza ya bomba nene kwenye ncha na jembamba katikati. Mwaka 1935 kampuni yake ikatoa chuma cha 531, na fremu za mashindano zikazidi kuwa nyepesi. Baadaye ikaja aluminiamu, kisha kaboni: mwaka 1986 Greg LeMond alishinda Tour de France kwa fremu ya kaboni. Fremu za mizigo hazikufuata njia hiyo. Zilibaki na bomba nene.

Leo baiskeli za mashindano zilizotumika Ulaya zinauzwa kama mtumba, na wepesi wake unavutia. Lakini fremu ikipasuka, fundi mwenye mashine ya kuchomelea ya umeme huunga bomba nene siku hiyohiyo. Akigusa 531, ambayo katikati ina unene wa nusu milimita hivi, hulitoboa. Aluminiamu hupoteza nguvu pembeni mwa mahali ilipochomelewa, isipopashwa tena joto kwa utaratibu maalumu. Kaboni haichomelewi kabisa.

Spea nazo zina mitego. Tairi za Phoenix na za baiskeli ya mashindano zote huitwa namba 28, ila rimu ya kwanza ina kipenyo cha milimita 635 na ya pili 622, haziingiliani. Hata Raleigh za zamani ziliwekewa nyuzi 26 kwa inchi kwenye vikombe vya gololi vya pedeli, wakati wengine wa Uingereza walitumia 24. Mnunuzi wa mtumba aende sokoni na kikombe chake cha zamani mfukoni, asiamini jina lililoandikwa kwenye fremu.

Kwa anayesafirisha mkaa, kilo tano za ziada ni jasho la kila siku. Siku tatu bila baiskeli ni unga usionunuliwa. Amepima hayo mawili muda mrefu kuliko sisi tunaomcheka, na kila fremu yenye alama ya kuchomelewa ni jibu lake.