Spika Mbili ama Tano? Safari ya Sauti hadi Chumba cha Futi 10 kwa 10

Mkazi wa Kibera au Kawangware anayetafuta muziki wa nyumbani kwa bei nafuu huishia barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi. Wufa zimepangwa hadi darini, zote zikinguruma kwa pamoja, naye muuzaji anauliza: ya spika mbili, ama hii ya tano?

Swali hilo lina historia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliudhika akiwa sinema: mwigizaji anatembea upande huu wa skrini, sauti yake inatokea upande ule. Desemba mwaka huo akaomba hataza ya stereo, yaani sauti ya njia mbili, ingawa santuri za stereo hazikuingia madukani kwa wingi hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Spika za kumzunguka msikilizaji zilianzia kwenye kumbi kubwa. Disney ilizitumia katika filamu ya Fantasia mwaka 1940. Mfumo wa 5.1 wa Dolby, yaani spika tano na moja ya besi, ulikuja na Batman Returns mwaka 1992, kisha DVD zikauleta majumbani.

Kwetu stereo ililetwa na kaseti, halafu redio za FM kama Capital FM, iliyoanza mwaka 1996. Wufa zilipokuwa bado ghali, fundi wa jua kali alichukua redio kuukuu ya gari, akaifunga ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na spika mbili, akaiunganisha na betri. Kisanduku kilipigiliwa vizuri, kitambaa kikawambwa mbele, na muziki ukajaa ploti nzima. Ile ilikuwa stereo kamili, na ninaiheshimu hadi leo.

Spika tano zinahitaji nafasi nyuma ya msikilizaji. Chumba cha kupanga mara nyingi ni futi 10 kwa 10, kochi limeegemea ukuta, na nyuma ya ukuta ni jirani. Spika ya nyuma itakuwa sikioni. Tena, nyimbo za simu na redio ni za njia mbili, na filamu zinazotafsiriwa na DJ Afro kwa kawaida hutufikia hivyo hivyo; spika za nyuma hurudia tu yanayosemwa mbele. Pesa ileile imegawanywa kwa spika tano, kila moja nyepesi.

Kwa hiyo ukiwa na bajeti ndogo, nunua mbili nzuri, au mbili na wufa moja ya besi. Usibabaishwe na maelfu ya wati za PMPO, nguvu ya kilele ya kitambo kidogo tu, kwenye katoni. Uliza RMS, maana ndiyo nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Nyumbani, inua spika hadi usawa wa masikio, nafasi kati ya hizo mbili ilingane na umbali wa kila moja hadi unapoketi. Wufa usiisukume konani: besi huvimba pale, mabati yakaanza kutetema, na maneno ya wimbo yakapotea.