Chuo cha Ufundi cha Tudor, Mombasa

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, kijana wa Mwambao aliyetaka kazi ya mkono alikwenda kwa fundi, akawa mwanagenzi wake, akashika randa au nyundo kwa kutazama na kuamrishwa, na baada ya miaka akatoka na ujuzi kamili usiokuwa na hati. Na ujuzi huo, ingawa ulitosha kuunda majahazi na kuchonga milango, haukumfaa kitu mbele ya wakubwa wa reli na bandari ya Kilindini, waliotaka shahada, hesabu na Kiingereza. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa, aliuona msiba huo mapema, na katika magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, aliyoyatoa mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu wenziwe wasiipe kisogo elimu ya dunia.

Alifariki mwaka 1947, na Mei 1948 ikatiwa saini hati ya wakfu wa Chuo cha Elimu ya Waislamu cha Mombasa, cha kuwafundisha vijana ufundi, ambacho Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell, alikuwa amekipigania. Aga Khan alitoa pauni 100,000; Sultani wa Unguja, jumuiya ya Mabohora na serikali ya Uingereza nao wakachangia; na Liwali wa Mwambao, Sheikh Mbarak Ali Hinawy, akatoa ardhi katika mtaa wa Tudor kwa bei ndogo mno. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Fadhila kubwa ya mpango huo, kwa maoni yangu, ni kuwa haukumlazimisha kijana kuchagua baina ya dini yake na riziki yake. Mwaka 1966 sifa ya dini iliondolewa katika jina la chuo, na hiyo ilikuwa haki, kwani haja ya kazi haikuwa ya Waislamu peke yao.

Lakini faida ya mahali kama hapo haikomi katika karakana. Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, ambaye matokeo ya mtihani wake wa sekondari hayakumfikisha Chuo cha Makerere, Uganda, aliajiriwa chuoni Tudor, akafanya kazi miongoni mwa vijana wenziwe mpaka alipopata msaada wa serikali wa kwenda kusoma Huddersfield, Uingereza, mwaka 1955; na katika miaka ya 1960 Makerere ile ile ikampokea kuwa mwalimu, kisha profesa wake.