Skrini za Likasi na umeme wa Lufira

Skrini ya kompyuta ikiletwa dukani kwangu, mtaa wa Kikula, ikiwa imezimika, siulizi imetumika miaka mingapi. Nauliza umeme ulirudi saa ngapi. Hapa Likasi skrini chache hufa kwa uzee. Nyingi huuawa na umeme, na umeme wenyewe ni mkongwe kuliko fundi yeyote wa mtaa huu.

Mji ulipokuwa bado Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, kampuni ya migodi ya Union Minière ilihitaji nguvu ya kusafishia shaba kule Shituru. Kiwanda kilianza mwaka 1929. Mwaka uliofuata mitambo ya Mwadingusha ikaanza kuzunguka kwenye mto Lufira, kilomita 70 hivi kutoka hapa, na Koni ikafuata baadaye. Shaba ilihudumiwa kwanza.

Mwaka 1986 Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilitoa shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka, na miaka iliyofuata uzalishaji ukaanguka vibaya. Mafundi wa karakana za migodi wakaja mtaani na bisibisi zao. Mzee aliyenifundisha alikuwa mmoja wao. Sote tulimwita Papa Fundi.

Alianza na televisheni. Kompyuta zilipoingia maofisini, zile skrini nzito hazikumtisha, maana ndani aliyakuta yaleyale: bomba la kioo, koili za shaba shingoni, na THT, transfoma inayopandisha umeme hadi volti 25,000 hivi. “Mtoto, THT haina msamaha,” alikuwa akituambia. Mkono mmoja kazini, mwingine nyuma ya mgongo, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Bomba hushika umeme hata likishachomolewa, kwa hiyo alifunga waya wa ardhi kwenye bisibisi ndefu, akaipenyeza taratibu chini ya kile kikombe cha mpira. Mpaka tusikie mlio, hakuna aliyeruhusiwa kusogea.

Skrini bapa zilikuja na malori kutoka mpakani Kasumbalesa, nyingi zikiwa zimeshatumika kwingine. Mteja anasema, “Papa, ekra imekufa.” Mara nyingi haijafa. Namulika tochi kwa mshazari kwenye kioo. Nikiona picha hafifu, najua taa ya nyuma ndiyo iliyozimika. Kitaa cha skrini kikiwa kinawakawaka tu, nafungua ubao wa umeme na kutazama vichwa vya kapasita: iliyovimba imekwisha. Na picha ikiwa ya manjano, sifungui chochote, nachomoa kebo ya VGA. Plagi hiyo, iliyokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, ina pini 15. Pini ya 3 hubeba buluu. Ikikatika, kila cheupe hugeuka manjano. Iliyopinda tu hunyooshwa kwa kibano, na huniuma sana kuona mtu ametupa skrini nzima kwa ajili ya pini.

Watu huogopa umeme mdogo. Skrini nyingi za sasa hukubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo hapo sina wasiwasi sana. Kinachoua ni ule mpigo wa umeme unaporudi: hupasua fyuzi, hubomoa daraja la diodi, na wakati mwingine huondoka na kapasita kubwa. Umeme ukikatika, chomoa plagi; ukirudi, ngoja utulie.

Mwaka 2021 Mwadingusha ilifufuliwa, megawati 78, kwa fedha za mradi wa mgodi mpya wa shaba wa Kamoa-Kakula. Shaba kwanza, tena. Mtaani bado wanaleta skrini.

Zile nzito za zamani zinanipa hofu. Shaba ya koili zake hununuliwa kwa kilo, kwa hiyo vijana huzivunja shingo ili waitoe, na kioo hubaki kimetapakaa. Kioo hicho kina madini ya risasi, na hakuna anayekinunua. Zinazoletwa kwangu nazipanga nyuma ya duka, zikiwa nzima, koili nikizitoa mwenyewe kwa bisibisi.