Je, Biblia inajipinga? Safari ya swali moja kutoka Agra hadi Mwembechai

Aliyekulia Dar es Salaam, Tanga au Mombasa miaka ya 1980 na 1990 hahitaji kuelezwa mhadhara ni kitu gani. Uwanja wa wazi, meza, kipaza sauti, Biblia ya Union Version iliyochakaa kwa kufunguliwa, na msomaji anayesubiri kuambiwa "soma!" Anasoma aya. Mhadhiri anamkatisha: hapo hapo, rudia. Kisha anaambiwa afungue kitabu kingine, asome aya ya pili. Watu wanaguna, wengine wanacheka, wengine wanakunja uso. Swali linatupwa hadharani: sasa tushike ipi?

Tuchukue mfano mmoja, kwa sababu bila mfano mjadala huu huwa kelele tupu. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 8, kinasema Ahazia alikuwa na miaka 22 alipoanza kutawala Yuda. Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 22, katika maandishi ya Kiebrania yaliyotufikia, kinasema alikuwa na miaka 42. Tofauti ya miaka 20 peke yake si ajabu sana. Ajabu ni kwamba sura ya 21 ya kitabu hicho hicho imetoka kutuambia kuwa baba yake, Yehoramu, alianza kutawala akiwa na miaka 32 na akatawala miaka 8, yaani alikufa na miaka 40. Kwa hesabu hiyo mtoto anamzidi baba yake miaka miwili.

Ukiisikia hoja hii mara ya kwanza unaweza kudhani imevumbuliwa na mhadhiri mmoja mwerevu wa Kariakoo. La hasha. Ina safari ndefu, na ni safari inayofaa kujulikana na kila mpenda vitabu, awe Mwislamu, Mkristo au asiye na dini.

Tuanzie Agra, India, Aprili 1854. Kwa siku mbili watu wawili walikaa mbele ya hadhira kubwa wakibishana. Mmoja alikuwa Karl Gottlieb Pfander, mmisionari Mjerumani aliyeandika kitabu cha kuwalingania Waislamu, Mizan al-Haqq. Wa pili alikuwa Rahmatullah Kairanawi, mwanachuoni wa Kiislamu. Pfander alizoea kubishana na watu waliojibu kwa Kurani na Hadithi tu. Safari hii alikutana na kitu kipya. Rahmatullah alikuwa na rafiki, daktari Wazir Khan, aliyewahi kusoma Uingereza na kurudi na vitabu vya wasomi wa Ulaya, Wakristo kwa malezi, waliokuwa wakiihakiki Biblia kama wanavyohakiki maandishi mengine ya kale. Mmisionari alijikuta anapigwa kwa fimbo iliyochongwa kwao. Alikubali kwamba kuna mahali nakala za Biblia zinatofautiana, ila akashikilia kuwa mafundisho makuu hayakuguswa. Kwa Pfander hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa wapinzani wake lilikuwa ndio mwisho wa kesi.

Baada ya uasi wa 1857 dhidi ya Waingereza, Rahmatullah alikimbilia Makka. Huko Uarabuni na Istanbul mambo yake yalisikika, na mwaka 1864 kitabu chake Izhar al-Haqq kilichapishwa Istanbul kwa Kiarabu. Ndani yake kuna orodha ndefu ya aya zisizoafikiana, na umri wa Ahazia umo.

Sasa tuhamie Natal, kusini mwa Afrika, miaka hiyo hiyo, bila Agra kujua habari zake. Askofu wa Kianglikana, John William Colenso, alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kizulu. Colenso alikuwa mwanahesabu, vitabu vyake vya hesabu vilitumika katika shule za Uingereza. Msaidizi wake katika kutafsiri alikuwa Mzulu, William Ngidi. Walipofika kwenye habari ya gharika, Ngidi aliuliza swali la mtu anayejua mifugo: kweli haya yote yalitokea? Wanyama wote wa nchi za joto na baridi, wawili wawili, na chakula chao chote, ndani ya chombo kimoja? Colenso anasimulia kwamba hakuweza kumtazama mtu yule usoni na kumwambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliamini.

Akachukua kalamu akaanza kupiga hesabu. Kitabu cha Hesabu kinasema wanaume wa Israeli wa kwenda vitani, kuanzia miaka 20, walikuwa 603,550. Kitabu hicho hicho kinasema wazaliwa wa kwanza wa kiume, kuanzia mwezi mmoja, walikuwa 22,273. Gawanya. Kwa kila mzaliwa wa kwanza mmoja wa kiume utapata wanaume wazima 27, hata kabla hujawaongeza watoto. Kila mama angekuwa amezaa wana wangapi? Kitabu chake kilianza kutoka London mwaka 1862, na kikawa moto. Mwaka uliofuata askofu mkuu wake, Robert Gray, alimhukumu Cape Town na kumvua cheo. Mwaka 1865 rufaa ikaamuliwa London kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumvua. Colenso akabaki Natal hadi alipofariki 1883. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu, maana aliwatetea pia dhidi ya serikali ya kikoloni.

Mara nyingi tunaambiwa kwamba uhakiki wa Biblia ni mambo ya maprofesa wa Ujerumani. Mojawapo ya mijadala mikubwa ya karne ya 19 katika Kanisa la Uingereza ilichochewa na swali la Mwafrika aliyekuwa akisaidia kutafsiri. Yeye hakuwa anatafuta kuushinda Ukristo. Alitaka kujua anachoandika kwa lugha ya mama yake ni habari ya namna gani. Jina lake haliko katika vitabu vingi, na ni haki liwekwe.

Natal hiyo hiyo, miaka 70 hivi baadaye. Kijana mzaliwa wa Gujarat, Ahmed Deedat, anauza duka karibu na Adams Mission, kusini mwa Durban. Wanafunzi wa misheni wakija kununua bidhaa wanamchokoza kuhusu dini yake, naye hana majibu. Siku moja, katika stoo ya mwajiri wake, anakuta nakala ya Izhar al-Haqq. Mengine ni historia. Deedat akawa mhadhiri, mwaka 1957 akashiriki kuanzisha kituo cha kueneza Uislamu Durban, na mwaka 1986 akasimama Marekani, jimbo la Louisiana, kubishana na mhubiri wa televisheni Jimmy Swaggart juu ya swali kama Biblia ni neno la Mungu. Kaseti na vijitabu vyake vilisambaa Afrika Mashariki, na wahadhiri wetu wakapata mtindo: shika kitabu cha mwenzio, soma aya kwa nambari, acha kitabu kijijibu.

Hebu tusimame hapo tuulize: je, Wakristo wa kale hawakuyaona haya? Waliyaona mapema mno. Karibu mwaka 170 Tatian, Mkristo kutoka nchi za Mesopotamia, alichukua Injili nne akazishona kuwa simulizi moja, kitabu kinachojulikana kama Diatessaron. Palipogongana alichagua au alipanga upya. Makanisa ya Kisiria yalikisoma kwa muda mrefu. Halafu katika karne ya 5 askofu Theodoret wa Cyrrhus alikusanya nakala zaidi ya 200 za kitabu hicho, akaziondoa, akarudisha Injili nne. Lifikirie jambo hilo vizuri. Kanisa lilikuwa na toleo lililonyooka mkononi, na likachagua lile lenye mikunjo.

Wasomi wao hawakukubaliana namna ya kuieleza mikunjo hiyo. Origen wa Alexandria, karne ya 3, alipolinganisha Injili ya Yohana na nyingine, aliona kwamba Yohana anaweka tukio la Yesu kuwafukuza wafanyabiashara hekaluni mwanzoni mwa huduma yake, wakati wenzake watatu wanaliweka mwishoni. Origen hakukwepa. Alisema kama mtu anatafuta mfuatano wa matukio tu, atakwama; ukweli unaotafutwa ni wa kiroho. Augustino wa Hippo, katika Algeria ya leo, alishika njia nyingine. Karibu mwaka 400 aliandika kitabu kizima kuonyesha kuwa wainjilisti wanaafikiana, tukio kwa tukio. Wote wawili walikuwa Waafrika wa kaskazini, wote walimwamini Mungu mmoja, na njia zao mbili bado ndizo zinazobishana leo.

Kwa maoni yangu, kosa la mijadala yetu mingi ni kuzitia tofauti zote katika kapu moja. Ziko za namna tatu angalau. Ya kwanza ni makosa ya wanakili. Umri wa Ahazia karibu hakika ni hilo: mtu alinakili nambari vibaya karne nyingi zilizopita, na zipo nakala za tafsiri za kale zenye 22 pale Waebrania wana 42. Ya pili ni mashahidi wawili wanaosimulia kwa kumbukumbu na malengo tofauti, kama kifo cha Yuda: Mathayo anasema alijinyonga, Matendo yanasema alianguka akapasuka. Ya tatu ndiyo yenye uzito, na huwa haizungumzwi vya kutosha. Ni pale fikra yenyewe ilipobadilika. Katika 2 Samweli 24 ni hasira ya Mungu inayomsukuma Daudi kuwahesabu watu. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21 ni Shetani. Hapo hakuna mnakili aliyesinzia. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliishi baada ya uhamisho wa Babeli, alikuwa na kitabu cha zamani mbele yake, na hakustahimili kuandika kwamba Mungu alimsukuma mtu atende kosa kisha akamwadhibu kwalo. Akaandika upya. Na waliokusanya Biblia wakaviweka vitabu vyote viwili.

Kwa hiyo, je, Biblia inajipinga? Ukiuliza kama kuna mahali inasema mambo mawili yasiyoweza kuwa kweli pamoja kwa maana ya kawaida, jibu ni ndiyo, na halihitaji elimu kubwa kulijua. Ila swali linalofuata ndilo linalotenganisha watu: kitabu kitakatifu kinapaswa kuwa cha namna gani? Mwislamu anakiona kama maneno yaliyoteremshwa, kwa hiyo kosa moja la nambari ni dalili ya mkono wa mtu, na kwake mkono wa mtu unatosha kukataa. Wayahudi na Wakristo wa kale walikiona kama ushuhuda uliopitia mikono ya watu wengi. Wapo Wakristo wa siku hizi, hasa walioathiriwa na uinjilisti wa Marekani, wanaosema hakina kosa lolote; tamko lao maarufu la Chicago la mwaka 1978 linaweka sharti kwamba hilo linahusu maandishi ya mwanzo kabisa, ambayo hakuna aliye nayo. Ukweli ni kwamba msimamo huo ndio uliowapa wahadhiri silaha. Ukisema ukuta hauna ufa hata mmoja, anayekuonyesha ufa mmoja amekushinda. Mmisionari aliyempelekea Mwafrika dai hilo alimpelekea na kichapo chake humo humo.

Na gharama yake si ya kitabuni tu. Februari 1998, Dar es Salaam, baada ya malalamiko kwamba mihadhara ya msikiti wa Mwembechai inakashifu Ukristo, polisi waliingia. Vurugu zikazuka, risasi zikapigwa, watu wakafa. Hamza Njozi, msomi wa fasihi, aliandika kitabu juu ya mauaji hayo, kikatoka mwaka 2000, na serikali ikakipiga marufuku. Mambo mengi yalikuwa nyuma ya siku ile, siasa na malalamiko ya miaka mingi, na si haki kuyaweka yote juu ya aya. Lakini tukumbuke kwamba mabishano yaliyowahi kufanywa na Origen na Augustino kwa wino, sisi tuliyafikisha kwenye mabomu ya machozi, katika mji ambao ndugu wa baba mmoja huenda mmoja ni Juma na mwingine ni Yohana.

Kukataza mihadhara hakukulimaliza swali, na halitakwisha. Kinachoweza kubadilika ni jinsi tunavyosoma. Mkristo anayezificha tofauti hizi kwa watoto wake anawaandalia aibu ya uwanjani, maana watazisikia huko kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu anayecheka. Mwislamu anayeishia kwenye orodha ya aya anajinyima kumjua yule mwandishi wa baada ya uhamisho, aliyeogopa kumsingizia Mungu, ambaye kwa hofu hiyo wangeweza kuelewana sana. Fungua 2 Samweli 24, kisha 1 Mambo ya Nyakati 21, usome zote mbili polepole usiku mmoja. Usitafute mshindi. Tafuta mtu aliyeona kwamba habari ya zamani haitoshi, na mwingine aliyekuja baadaye akakataa kuifuta.