Kiwanda Kikikodishwa, Mwajiri ni Nani?

Matatu itokayo Kisii hupita Sondu, hushuka hadi Katito, kisha hukata uwanda wa Nyando kuelekea Ahero. Mbele zaidi, chini ya milima ya Nandi, ni miwa: Miwani, kiwanda cha sukari kikongwe kuliko vyote nchini Kenya, kisha Muhoroni kilichoanzishwa 1966 na Chemelil kilichoanza kusaga 1968. Vijana wengi wa Nyakach, eneo la Sondu na Katito, walipata mshahara wao wa kwanza huko.

Walikuta utaratibu wa kazi uliokwisha kuandikwa. Oktoba 1962 Tom Mboya, mwana wa Rusinga aliyeongoza shirikisho la wafanyakazi kabla ya kuwa Waziri wa Kazi, alisimamia Mkataba wa Mahusiano ya Kazi kati ya serikali, waajiri na vyama. Chama kitambuliwe, migogoro ijadiliwe kabla ya mgomo. COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, ikazaliwa 1965. Yote haya yalisimama juu ya dhana moja: mwajiri anajulikana, na kesho atakuwa yule yule.

Dhana hiyo ndiyo iliyovunjika Nyando. Mwaka 2001 Miwani na Muhoroni viliwekwa chini ya mameneja warasimu, wanaosimamia kampuni iliyolemewa na madeni. Miwani kikanyamaza, Muhoroni kikachechemea. Mei 2025 serikali ikakodisha viwanda vinne vya sukari kwa miaka 30. Chemelil kilikwenda kwa kampuni ya Kibos, Muhoroni kwa kampuni ya West Valley. Mitambo na mashamba vilipata mwendeshaji mpya, lakini malimbikizo ya mishahara yalibaki kwa serikali, na wafanyakazi wakabaki wakiuliza wamdai nani.



Sheria za kazi za 2007 zinamsaidia mfanyakazi kwa kiasi. Anayepunguzwa kazi hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na chama chake hupewa notisi ya mwezi mmoja. Lakini kutambuliwa kwa chama kwa kawaida ni jambo la mwajiri mmoja mmoja: chama sharti kiwe na wengi miongoni mwa wafanyakazi wa mwajiri huyo. Hapo ndipo ukodishaji unapouma. Aliyekuwa mwanachama miaka 20 anakuwa mgeni mbele ya mwajiri mpya, na chama kinarudi langoni kukusanya sahihi, jina baada ya jina, kabla ya kuzungumzia hata shilingi moja ya nyongeza.