Roki ya Zambia: Kilichoiua na Kilichoifufua

Malori ya shaba yanayopanga foleni Nakonde yakisubiri kuingia Tunduma ni sehemu ya maisha ya mpaka huu kiasi kwamba watu wameacha kuyatazama. Historia ya shaba hiyo upande wetu husimuliwa kwa vyuma na mafuta: bomba la TAZAMA lililoanza kazi 1968, barabara kuu ya kwenda Zambia, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi 1976. Lakini shaba ilijenga pia muziki. Katika miaka ya 1970 fedha yake ililisha kizazi kizima cha vijana wa Zambia waliopiga magitaa ya umeme kwa sauti nzito ya kukwaruza, ndugu wa damu wa ule muziki ambao Uingereza ulikuja kuitwa hevi metali. Uliitwa Zamrock, ukavuma, ukazimika, na leo kundi lake kubwa, WITCH, liko tena jukwaani. Safari hiyo ya kufa na kufufuka inafundisha jambo moja: muziki hauuawi na masikio yaliyochoka. Huuawa na kukatika kwa riziki inayoubeba, na hufufuka pale kumbukumbu iliyorekodiwa inapokutana na shahidi aliye hai na vijana walio tayari kujifunza.

Tuanze na riziki. Uhuru wa 1964 uliikuta Zambia na miji ya migodi yenye mishahara, umeme na kumbi za starehe: Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira. Vijana wa miji hiyo walisikia redioni na kwenye santuri nyimbo za Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na Black Sabbath, nao wakaanza kwa kuzikariri. Kisha Rais Kenneth Kaunda akaagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo lilifungua mlango kwa yeyote aliyekuwa na wimbo wake mwenyewe. WITCH, jina linalofupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya tumekusudia kuleta vurugu, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Santuri yao ya kwanza, Introduction, hutajwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya kibiashara nchini humo, na Lazy Bones!! ya 1975 ndiyo wengi huihesabu kuwa kilele chao. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda alijiita Jagari, yaani Jagger wa Rolling Stones aliyepitishwa kwenye ulimi wa Kiafrika. Mpiga besi alikuwa Gedeon Mwamulenga na mpiga dramu Boidi Sinkala, majina ambayo msomaji wa Momba, Mbozi au Ikinga kule Ileje hahitaji kufundishwa kuyatamka.

Kwa nini basi sauti hiyo ilinyamaza? Jibu la haraka ni kwamba fasheni ilibadilika, disko likaja, muziki wa kalindula ukapanda. Ushahidi unaelekeza kwingine. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za Zambia zilitokana na shaba, na bei ya shaba iliporomoka vibaya kati ya 1974 na 1975. Nchi isiyo na fedha za kigeni haiagizi nyuzi za gitaa, wala vipuri vya vikuza sauti, wala malighafi ya santuri. Juu ya hapo, Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa Rhodesia, na majeshi ya Rhodesia yakavuka kuwashambulia. Amri za kutotembea na kuzima taa usiku zikaifuata miji, na bendi ya dansi huishi kwa usiku. Kanda za wizi zikala mapato ya santuri. Disko lilipofika lilikuta mwenye ukumbi anapiga hesabu: mtu mmoja na santuri zake ni nafuu kuliko wanamuziki watano wenye familia. Jagari aliacha bendi akashika chaki, na baadaye akachimba vito. WITCH wenyewe waligeukia disko na kutoa Kuomboka mwaka 1984. Ukimwi ukamalizia kazi kwa kizazi kile: wenzake wote watano wa kikosi cha awali walikuwa wamefariki kabla jina la bendi halijasikika tena.

Anayetaka kuipima hoja hii aitazame Tanzania ya wakati uleule. Nasi tulikuwa na dhiki: Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka matupu, foleni za sabuni na sukari. Hata hivyo muziki wa dansi ulizidi kustawi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikawa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa 1978 na kulelewa na shirika la DDC. Majeshi na mashirika yalikuwa na bendi zao, wanamuziki walipata mshahara na vyombo, na Redio Tanzania iliwarekodi katika studio zake. Ndiyo maana nyimbo zile zimebaki hewani hadi leo kama zilipendwa. Kinyume chake, Sunburst, kundi la roki la Dar es Salaam lisilo na shirika mgongoni, lilitoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976 likasambaratika muda si mrefu. Masikio ya Watanzania yalikuwa yaleyale; kilichotofautiana ni nani aliyelipia nyuzi.

Ufufuo nao una sababu zinazoonekana. Santuri chache zilizosalia ziliangukia mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikazitoa upya albamu za WITCH katika mkusanyo mmoja mwaka 2012. Noti hata moja haikubadilishwa, na bado watu ambao hawajawahi kufika Kitwe walizipenda. Jagari, akiwa amevuka miaka 60, akaitwa jukwaani. Mwitaliano Gio Arlotta alimfuata Zambia na kutengeneza filamu iliyotoka 2019, na kutokana na kazi hiyo bendi mpya ikaundwa: Jagari, mpiga kinanda Patrick Mwondela wa enzi za disko, na vijana wa Kiholanzi Jacco Gardner kwenye besi na Nico Mauskovic kwenye dramu. Walirudi Lusaka, katika studio ya DB waliyoijua wazee wao, wakarekodi Zango iliyotoka 2023. Humo yumo Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia anayejulikana duniani kwa kufokafoka, na yumo Keith Kabwe wa Amanaz, mwenzao wa enzi zile.

Wapo watakaosema huu si ufufuo, ni wageni kununua kumbukumbu zetu. Pingamizi hilo lina uzito. Waliotoa mtaji ni wageni, na sehemu kubwa ya hadhira imo ng'ambo. Lakini pingamizi hilo linamwonyesha aliyekuja kutia mafuta wakati swali ni nani aliyeiacha taa izimike. Kama santuri zingetunzwa Ndola au Lusaka, mgeni angekuja kuomba. Zilipotupwa, akaja kuokota. Dawa ya hali hiyo ni kutunza mapema.

Wengine husema bendi iliyobaki na mtu mmoja wa kikosi cha awali inajibebesha jina la marehemu, na kwamba kuirudia sauti ya zamani ni kudumaa. Duniani zipo bendi za kurudia hasa. Enforcer wa Sweden, walioanza 2004, hupiga hevi metali kwa namna ya miaka ya 1980, na Skinflint wa Botswana, walioanza 2006, wamefuata mkondo huo huku wakiingiza visa na mizimu ya Kiafrika. Hawa wote walijifunza kwenye rekodi, na walichojifunza kimewatosha kuanzia. WITCH wana kitu cha ziada: mzee anayekumbuka kwa nini pigo fulani liliingia mahali fulani. Kwa hiyo hawajabaki walipoachia. Albamu yao ya 2025 wameiita Sogolo, neno linaloeleweka kwa yeyote wa Ileje aliyezoea Kichewa cha ng'ambo ya mto Songwe: siku zijazo. Na kuhusu urithi wa jina, hata msondo haukomi kwa kufa mpigaji. Hukoma akikosa wa kumpokea.

Hapo ndipo historia hii inapovuka mpaka na kutufikia. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa 2016, una ngoma za Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na Walambya, na una watu wazima waliopiga magitaa katika kumbi za Tunduma, Vwawa na Itumba. Kwa Zambia, santuri zilikuwepo na mzee mmoja akasalia. Bila kimojawapo pasingekuwa na bendi ya kuzungumzia. Kwetu wazee bado wapo kwa wingi na simu ya kurekodi imo katika kila mfuko, lakini majina ya wapigaji, waliowafundisha na nyimbo zenyewe hayajaandikwa popote pa kudumu. Halmashauri, redio za jamii na walimu wa shule za sekondari wanaweza kuianza kazi hiyo kijiji kwa kijiji, kuanzia Ikinga hadi Kamsamba, bila kusubiri mfadhili. Jagari alingoja zaidi ya miaka 30 kuitwa tena. Wenzake watano hawakufika.